Sajini Obita na Kipengele cha Saba

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Manyunyu tangu alfajiri hadi saa tatu, kisha mawingu. Kuanzia saa sita jua kali, upepo hafifu. Kwenye uwanja wa Kyambogo kulikuwa na madimbwi mawili katika njia ya kwanza, na wanafunzi waliyakausha kwa magunia kabla ya mbio kuanza.

Siku hiyo nilikaa kwenye meza mlangoni pa chumba cha kupimia wanariadha, nikiandika nani ameingia, nani ametoka, na saa ngapi. Ndiyo maana naweza kueleza habari ya Sajini Obita bila kukisia sana. Mengine aliniambia mwenyewe, kwa kuwa tunakaa safu moja katika kambi ya polisi, mlango wangu wa nne, wake wa sita.

Obita ni mtu wa Kitgum, umri wake miaka hamsini na minne, na thelathini kati ya hiyo amevaa sare. Ni mtu wa kusoma maandishi yaliyo kwenye kiberiti kabla ya kuwasha moto. Kwa miaka sita sasa, siku za mashindano, amekuwa msindikizaji. Mbio zikiisha, humwendea mwanariadha aliyepangiwa, humwambia kwamba atapimwa dawa zilizokatazwa, na tangu hapo hamwachi machoni mpaka atoe mkojo na damu. Damu haina aibu. Mkojo ndio wenye maneno, kwa sababu kanuni inataka shahidi asimame na kuuona kwa macho yake ukitoka mwilini mwa mwenyewe, si kwenye mfuko wala mpira uliofichwa ndani ya nguo.

"Si kazi ya kumsimulia padri," husema, "lakini lazima mtu aifanye."

Na aliifanya vizuri. Mwaka juzi alimkuta mrusha tufe amebana kichupa cha maziwa ya mtoto kwapani, mkojo wa mtu mwingine ndani yake ukipata joto. Obita hakupiga kelele. Alimwamuru tu anyanyue mikono yote miwili, kama anavyowaamuru wezi, na kichupa kikaanguka chenyewe.

Shida yake ilianza Februari, kwenye semina ya siku mbili. Mhadhiri aliwaeleza wasindikizaji kwamba siku za vidonge na sindano za kawaida zinapita. Sasa kuna watu wanaotafuta namna ya kuingiza jeni ngeni mwilini, zikibebwa na kirusi kilichoondolewa makali, ili damu au misuli ijitengenezee nguvu yenyewe. Mtu anakuwa na kiwanda ndani ya nyumba, na jirani hajui. Vipimo vyake vipo, mhadhiri alisema, na wakati mwingine damu itachukuliwa kwa ajili hiyo.

Obita alinyoosha mkono. "Mtu akiingiziwa hizo jeni, watoto wake watazirithi?"

Mhadhiri alisema haikusudiwi hivyo, na haitegemewi, ila yeye hawezi kula kiapo.

Jibu hilo Obita alirudi nalo kambini kama mtu aliyebeba yai kiganjani. Binti yake Akidi, mwalimu wa chekechea kule Kawempe, alikuwa na mchumba, na mchumba mwenyewe alikuwa mkimbiaji. Aliitwa Wanyama, Msamia wa Busia, umri miaka ishirini na tisa. Kwa miaka mitano alikuwa akimaliza wa sita au wa saba, watu wakimpigia makofi ya huruma. Halafu katika mwaka mmoja tu alipunguza sekunde saba kwenye mita elfu moja na mia tano. Kantini ya kambi ilikwisha toa hukumu: kijana amechomwa sindano ya jeni hotelini na daktari mgeni. Hakuna aliyejua jina la hoteli wala la daktari, lakini kantini haihitaji vitu hivyo.

Machi, Wanyama alikuja kujionyesha nyumbani kwa Obita, akiongozwa na shangazi yake, Nabwire, anayeuza mboga Kawempe. Mke wa Obita, Atoo, alipika malakwang, mboga chachu ya kwao iliyoungwa kwa karanga. Kijana hakugusa chakula mbele ya wakwe, kama inavyopasa, na hilo lilimpendeza Atoo. Obita hakuangalia sahani. Aliangalia vigimbi vya miguu ya kijana.

"Babu yako alikuwa anakimbia?" aliuliza.

"Hapana, mzee. Alikuwa fundi wa baiskeli."

"Na baba yake?"

"Huyo nasikia alikuwa mnene sana."

"Sasa hizi mbio zimetoka wapi?"

Nabwire akadakia: "Zimetoka kwa kuchelewa shule, shemeji. Kila siku alikuwa anakimbizwa na kengele."

"Bado sijawa shemeji yako, nnyabo."

"Kale, sawa. Zimetoka kwa kuchelewa shule, afande."

Atoo alicheka hadi akatoka nje. Obita aliuliza juu ya wajomba, juu ya maradhi ya ukoo, juu ya mapacha. Hayo ni maswali ambayo wazee wote huuliza kabla ya kutoa binti, kwa hiyo Nabwire hakuona ajabu, isipokuwa pale alipoulizwa kama kijana aliwahi kupata mafua ya ghafla baada ya kuchomwa sindano. Wageni waliondoka bila jibu. Akidi alimwuliza baba yake anangoja nini, naye akasema anangoja. Miezi mitatu ikapita hivyo, Akidi akimsalimu kwa heshima zote na bila neno la ziada.

Sasa nirudi Kyambogo.

Asubuhi, daktari msimamizi, Nerima, alituita wote kugawa kazi. Mbio za mita elfu moja na mia tano zilihitaji wasindikizaji wawili wanaume, Obita na Sulaimani, fundi wa simu. Vikaratasi havina majina, maana mshindi hajulikani kabla ya mbio. Kimoja kiliandikwa nafasi ya kwanza, kingine nafasi ya pili. Obita alichukua cha kwanza kwa makusudi. Alikuwa amepiga hesabu zake: wa kwanza atakuwa Odyek, kama kawaida, na Wanyama atakuwa wa nne, akibahatika wa tatu.

Saa nane na dakika ishirini na tano Wanyama alimpita Odyek kwenye kona ya mwisho.

Nilikuwa mbali, lakini nilimwona Obita akisimama pale kwenye mstari na fulana yake ya njano, hasogei. Kisha akasogea, kwa sababu ni kazi.

"Mwanariadha," alisema, "umechaguliwa kupimwa. Mimi ni msindikizaji wako."

Wanyama, aliyekuwa ameinama akitafuta pumzi, aliinua kichwa. "Mzee?"

"Hapa hakuna mzee."

Kijana alikunywa chupa tatu za maji moja baada ya nyingine akitembea, akitaka jambo liishe haraka. Alifika mezani kwangu saa nane na dakika arobaini. Odyek na Sulaimani walikuwa wamekwisha kaa ndani. Odyek, ambaye alitoka jasho lote uwanjani, hakuwa na tone. Sulaimani alikuwa akimpigia mluzi kumsaidia.

"Unapiga kama unaita mbuzi, ssebo," Odyek alisema. "Mimi natishika, najibana zaidi."

Wanyama aliketi, na mara nikaona amekunja miguu. Maji yale yalifika upesi. Saa tisa kamili alisema yuko tayari. Ni mara chache sana mtu kuwa tayari ndani ya dakika ishirini, na daktari Nerima alifurahi. Akampa Obita fomu ajaze sehemu yake.

Fomu ina vipengele kumi na viwili. Obita aliandika vizuri hadi cha sita. Kipengele cha saba kinauliza: Je, shahidi ana undugu au uhusiano wowote na mwanariadha? Ndiyo au hapana. Hapo kalamu ilisimama.

Msomaji aelewe alipokuwa. Kwao kaskazini, na kwa Wasamia vilevile, uchi wa mkwe hauonwi. Baba akiuona uchi wa anayetaka kumwoa binti yake, ndoa hiyo imekufa, hata wazee wachinje nini. Akiandika hapana, ataingia na kijana chooni kutazama, na Akidi atatafuta mume mwingine. Akiandika ndiyo, shahidi atabadilishwa, lakini amekubali kwa wino, kwenye karatasi yenye mhuri, kwamba kijana ni wake, kabla maabara haijasema kama damu yake ni ya babu fundi wa baiskeli au ya hotelini.

"Daktari," Obita alisema, "nibadilishane na Sulaimani."

"Kwa sababu gani?"

"Tumbo."

"Tumbo halikuzuii kutazama. Kubadilishana bila sababu iliyoandikwa hairuhusiwi, afande. Kesho watasema tumepanga matokeo." Nerima naye ni wa Busia. Aliwaangalia wote wawili, mzee anayetazama dari na kijana anayetazama viatu, nikaona ameelewa. "Sababu yenyewe inaandikwa hapo kwenye cha saba," akasema, na akakaa.

Saa tisa na dakika sita. Wanyama alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Afande," alisema taratibu, "unaandika kitabu?"

"Nafikiri."

"Fikiri, lakini mimi nina dakika chache."

"Nenda ukutani, huko hakuna anayekuona," Odyek akamshauri.

"Akitoa bila shahidi ni kosa," alisema Sulaimani.

"Basi aniazime mimi kidogo."

Hakuna aliyecheka sana, isipokuwa Sulaimani. Saa tisa na dakika kumi na moja, Wanyama, mkono mmoja ukishika ukingo wa meza yangu, aliuliza adhabu ya kukataa kupimwa. Daktari akamjibu kwamba ni miaka minne nje ya mbio, na ushindi wa leo unafutwa.

"Kuna karatasi ya kukataa?"

"Ipo."

"Nipe."

Hata Odyek aliacha kunywa.

"Miaka minne nitaingoja," Wanyama alisema, akimwelekea Obita bila kumtazama usoni. "Nitakuwa na thelathini na tatu, nitakimbia marathoni kama wazee wengine. Lakini wewe ukiniona leo, Akidi simpati tena. Hilo siwezi. Nipe hiyo karatasi, daktari, na tafadhali nipe upesi."

Obita aliniambia baadaye aliyoyapima wakati huo, na aliyapima kama polisi. Kijana mwenye mapenzi ya kweli angekataa hivyo. Lakini mwizi wa jeni naye angekataa hivyo hivyo, na angetoka hapa akishukuru mila. Akimwacha akatae, kama ni mwizi ameponyoka, na kama si mwizi ameonewa. Ilibaki njia moja tu ambayo kijana angepimwa, damu na mkojo, na binti asipoteze mume.

"Kaa," alimwambia.

"Mzee, siwezi kukaa."

"Basi simama. Lakini usitie sahihi kitu chochote."

Akainama, akaandika ndiyo. Mstari unaofuata unauliza uhusiano gani. Aliandika mkwe, kwa herufi kubwa, akarudi kuinyoosha herufi ya mwisho iliyopinda kidogo. Akampa daktari.

Nerima alisoma. "Uhusiano huu ulianza lini? Kwa nini hukuutaja asubuhi?"

Obita alitazama saa ya ukutani.

"Saa tisa na dakika kumi na saba," alisema. "Asubuhi haukuwepo."

Daktari alitia sahihi. Sulaimani aliruka kutoka kwenye kiti, na mita kumi na mbili kutoka pale hadi mlango wa choo Wanyama alizikimbia vizuri kuliko zile za uwanjani. Tulisikia mlango ukijifunga, nami nikaandika saa. Damu ilichukuliwa baadaye, vichupa vitatu, kimoja cha kupima jeni. Obita alisimama kando wakati sindano inaingia, akahakikisha namba za vichupa zinafanana na za kwenye fomu, kisha akazihakikisha tena.

"Majibu ni wiki ngapi?" alimwuliza daktari.

"Nne. Pengine sita."

"Kale," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kununua mbuzi kabla ya kumtazama meno.

Wanyama alitaka kupiga magoti kumshukuru. Obita akamkataza, akasema sakafu ina unyevu.

Baada ya hapo alikabidhiwa Odyek, ambaye alikuwa kwenye chupa ya saba.

"Baba mkwe," Odyek alisema, "na mimi niandike hapo niende nyumbani?"

"Wewe nitakutazama bila taabu yoyote."

Alimtazama mpaka saa kumi na mbili na dakika tano. Nimeandika hivyo kwenye daftari la mlango.

Kesho yake, Jumapili, Obita hakwenda misa ya kwanza. Alipiga pasi shati jeupe, akatembea hadi Kawempe kwa Nabwire. Habari hii nimeipata kwa Nabwire mwenyewe. Alimkuta uani akiosha sukuma wiki, na habari ilikuwa imemfikia tangu jioni, pamoja na saa na dakika zake.

"Nimekuja kukuambia uje uombe binti," Obita alisema.

"Niombe nini tena, shemeji? Si umekwisha andika?"

"Nimeandika kwa serikali. Nyumbani hamjaomba bado. Njoo na watu wako Jumamosi, muombe kwa utaratibu, na mimi nitakataa kidogo."

"Utakataa mara ngapi?"

Alifikiri. "Mara mbili."

Nabwire akamsogezea kigoda, akamwuliza kama na safari hii maswali ya mafua yatakuwepo. Obita alisema yatakuwepo. Kisha akavua saa ya mkononi, akakunja mikono ya shati lake jeupe, akaanza kumsaidia kufunga mafungu ya sukuma, yote ya ukubwa mmoja.