Mkanda wa Adhana Tatu

Saa tisa kasoro dakika tano mchana, siku ya Alkhamisi, nilibonyeza kitufe cha kamera nikaamini nimeanza kurekodi.

Ilikuwa mtaa wa Qurum, nchi za Kiarabu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, katika stoo ya nyumba ya mama yangu mkubwa. Mwanawe, binamu yangu, na wenzake wawili walipiga humo muziki wa roki wa namna yao: udi wa nyuzi uliounganishwa na amplifaya mpaka ukanguruma, gitaa la besi, ngoma, na maneno ya Kiswahili juu ya viza na viyoyozi vibovu. Hawakuwahi kupanda jukwaani. Wasikilizaji walialikwa kwa simu, na viatu waliviacha nyuma ya nyumba ili majirani wasivihesabu.

Majirani walimwambia mama mkubwa kwamba mle ndani watu hulewa. Akawapa vijana mpaka mwisho wa mwezi wahame. Nikamwomba aione kwanza filamu niliyokuwa nikitengeneza juu yao.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nnakupa mpaka kesho. Nionyeshe wanafanya nini."

Kutumia kamera nilijifunza mwenyewe, kwa kijitabu kilichokuja nayo. Taa yake ndogo nyekundu niliibandika plasta, maana ilimtia haya binamu, ambaye ndiye mpiga udi. Kila ilipoadhiniwa walizima amplifaya, kama ilivyo ada, nami nikabonyeza kitufe kilekile kuusimamisha mkanda, kamera nikaiacha kwenye stendi yake ikielekea mlango wa uani. Waliporudi kupiga nikabonyeza tena. Alasiri, magharibi, isha. Sikuukagua mkanda, kwa kuwa kijitabu kilionya kwamba kuurudisha mara kwa mara huuchakaza.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, tukakaa sebuleni: mama mkubwa, binamu na mimi. Kwenye televisheni walionekana wakipanga waya, kisha picha ikaruka. Mpiga ngoma amekunja suruali, anatawadha kwenye bomba la uani.

"Unatawadha kama unaosha gari," yule wa besi alimwambia.

"Bora mimi. Lako lina vumbi la tangu Ramadhani."

Kisha sauti ya binamu: "Jamani, nyoosheni mswala. Mama akiuona umepinda atatutoa leo leo."

Hapo nikaelewa. Nilipokuwa nikiijaribu kamera niliiwasha bila kujua. Tangu hapo kila nilipodhani naanza, nilisimamisha. Kila nilipodhani nasimamisha, nilianza. Mkanda mzima haukuwa na wimbo hata mmoja. Ulikuwa na kahawa, tende, utani, na watu watatu katika safu wakisali.

Binamu aliinamisha kichwa. Mama mkubwa aliangalia mpaka mwisho.

"Na makelele yenu yako wapi?" akauliza.

"Sikuyapata, mama. Nimekosea."

"Alhamdulillahi."

Akamgeukia mwanawe. "Mwambie mwenzio asiache bomba wazi. Stoo bakini nayo. Ila Ijumaa sitaki kusikia kitu."

Nyimbo nilizirekodi wiki iliyofuata, nikaziunga na yale mapumziko bila kuyapunguza.

Binamu alikuwa ameshaulizia chumba mtaa wa Hamriya, juu ya duka la mapazia, kwa riali arobaini kwa mwezi. Hawakukihitaji. Walikaa stooni miezi kumi na minne zaidi, mpaka mpiga ngoma alipojenga nyumba yake yenye nafasi ya kutosha, na kodi waliyoepuka ilikuwa riali mia tano na sitini.