Ukuta Usio na Sura

Nilizaliwa Matinyani, nje kidogo ya mji wa Kitui, kwenye udongo mwekundu unaopanda hadi kwenye pindo la gauni jeupe la Jumapili usitoke tena. Watu wakiniuliza nilianzaje kazi ya rangi, hutarajia niwaambie habari za shule. Mimi nilianza kwa kuchelewa. Mama alikuwa akinituma mtoni kuchota maji, nami nasimama pale na mtungi mtupu nikiutazama mchanga. Mchana mchanga huo ulikuwa mweupe wa kuumiza macho. Jua likishuka unageuka kama mtama ulioiva, na mawingu yakitanda unakuwa na samawati fulani ambayo sikujua iliitwaje. Mama aliona ni uvivu tu. "Huko mtoni unaongea na nani?" alikuwa akiniuliza. Sikuwa naongea na mtu.

Nilipomaliza shule, shangazi yangu alinichukua nikamsaidie katika hoteli yake Mtito Andei, ambapo madereva wa malori ya Mombasa husimama kula na kulala. Nilikuwa naosha vyombo. Siku moja fundi aliyekuwa aandike orodha ya vyakula ukutani hakutokea, nami nikamwambia shangazi anipe brashi. Niliandika CHAI, CHAPATI, MBUZI CHOMA kwa herufi nyekundu zenye ukingo wa manjano, na kabla wiki haijaisha jirani akataka nimwandikie na ukuta wake. Hivyo ndivyo nilivyoacha sufuria.

Kwa miaka mingi nilipaka hoteli, nyumba za kulala wageni, vinyozi na bucha. Ni bucha iliyonifunza jambo la kwanza kubwa. Mwenyewe alitaka ng'ombe mnono ukutani, nikamchora, halafu nikamtia kivuli cha samawati chini ya tumbo. Yule mwenye bucha akatoka nje na kisu chake mkononi.

"Mama, mbona ng'ombe wangu ana bluu tumboni?"

"Hicho ni kivuli."

"Kivuli ni cheusi."

Nikamwonyesha ukuta mweupe wa duka lililokuwa ng'ambo ya barabara, ambapo lori lilikuwa limeegeshwa na kivuli chake kimelala ukutani. Nikamwambia atazame bila kuharakisha. Akatazama. Akasogea hatua mbili, akatazama tena.

"Aiya! Kweli ni bluu," akasema. Kisha akanicheka. "Lakini wateja wangu hawanunui kivuli. Nipakie kahawia."

Nikapaka kahawia, bila kinyongo. Nilikuwa nimepata mtu wa kwanza kuona nilichokuwa nakiona, na nilitembea na furaha hiyo mwezi mzima. Tangu siku hiyo nikaanza kujaribu mambo nyuma ya hoteli ya shangazi, kwenye vipande vya mabati na rangi zilizobaki kwenye mikebe. Niligundua kwamba wekundu wa udongo wa pale, ukiuweka kando ya manjano, hutulia kama uji uliopoa. Ukiuweka kando ya samawati unawaka moto. Udongo ni ule ule. Kinachobadilika ni jirani yake. Sikuwa na mwalimu wa kunieleza hayo, kwa hiyo niliyajaribu mara nyingi mpaka mikono ikayajua.

Kisha nikaolewa na seremala wa Kikima, kule juu kwenye milima ya Mbooni, na rangi zangu zote zikafa.

Sitanii. Kwetu Kitui jua hukata kila kitu kwa wembe: huu ni mti, hiki ni kivuli chake. Kikima niliamka asubuhi ya kwanza nikakuta ukungu umemeza matuta ya mashamba, na mwanga hautoki upande wowote. Hakukuwa na kivuli hata kimoja. Nilijaribu kupaka ule mlima wa mbele ya nyumba yetu, ukatoka kama ubao wa matangazo. Nikajaribu tena mwaka uliofuata. Nililia, ndiyo, nikiwa nimeshika brashi. Mume wangu akaja na kipande kipya cha plaiwudi alichobakisha kwenye kazi ya kabati, akakiegemeza ukutani.

"Wewe paka," akasema. "Mbao zitapatikana."

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Nilipaka.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilichotaka hakikuwa mlima. Nilitaka ile saa ambapo mlima unakaribia kuonekana. Basi nikaanza kuondoa vitu. Miti ndiyo iliyotangulia kuondoka, ikafuatwa na mapaa ya mabati. Mwisho nikauondoa hata mstari wa mlima wenyewe. Nilikuwa naweka rangi nyepesi, naifuta kwa kitambaa, naacha ikauke, naweka nyingine juu, mpaka mwanga uonekane unatoka ndani ya ubao badala ya kuupiga kwa juu. Nilipopata hilo mara ya kwanza, kijivu chenye waridi chini yake, nilikaa kwenye kigoda nikashindwa kuinuka kupika.

Mama mkwe wangu alikuja akasimama nyuma yangu.

"Na hiki ni nini?"

"Ni asubuhi, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba.

"Asubuhi gani haina kuku?"

Alisema hivyo bila ubaya, na alikuwa akisema yaliyokuwa kwenye vichwa vya watu wote. Sokoni nilijulikana kama yule mama anayepaka rangi kabla ya kuchora. Walidhani kila ubao wangu ni mwanzo wa picha ambayo sijapata nguvu ya kuimalizia. Wengine walinihurumia. Niliendelea kuandika mabango ya maduka ili tule, na nikirudi nyumbani napaka asubuhi zangu zisizo na kuku. Mbao zilijaza chumba cha watoto wetu walipohama, zikaingia chini ya kitanda.

Kisha kanisa letu likajengwa upya, la mawe, na ukuta mkubwa nyuma ya mimbari ukabaki mtupu.

Kamati ilikaa. Vijana walitaka picha ya Yesu amesimama mtoni. Mmoja akauliza atakuwa na sura gani: ya Mzungu kama kwenye kalenda, au ya Mkamba? Hapo pakawaka. Akina mama walitaka awe kama sisi. Wengine wakasema hiyo ni dharau. Ndipo mzee mmoja wa kanisa, mtu mkali aliyekuwa mwalimu wa Biblia tangu sijaolewa, akapiga meza.

"Sisi tulikatazwa sanamu! Hakuna sura ya mtu wala ya malaika itakayowekwa mbele yangu nikiomba. Mkitaka hivyo, mtafute mzee mwingine."

Walibishana Jumapili baada ya Jumapili. Mwishowe pasta akaniita, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na brashi. Akanieleza mvutano wote kwa uchovu.

"Pasta," nikamwambia, "mimi nimekaa miaka yote hii nikipaka kitu kisicho na sura."

Akanitazama. Nikamwalika nyumbani. Alikuja na yule mzee mkali, na mume wangu akatoa mbao zangu akazipanga uani. Mzee alipita mbele ya kila moja, mikono nyuma, akiinama. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

"Nimetafuta mtu humu," akasema, "sijamwona."

"Hayumo."

"Wala mnyama?"

"Wala mnyama, mzee."

"Basi hii haina dhambi. Aipake."

Kitu kilichonifanya nionekane punguani sokoni ndicho kilichonifungulia mlango wa kanisa. Nilicheka peke yangu jikoni.

Sikuanza kupaka. Niliomba funguo, nikakaa kwenye benchi tupu siku kadhaa nikiutazama mwanga unavyoingia. Pasta akauliza nitaanza lini, nikamjibu nimekwisha kuanza. Madirisha ya mashariki yalikuwa membamba na marefu, na asubuhi jua lilikuwa linapiga sakafu laini, na mwanga wake unaupanda ule ukuta polepole kutoka chini. Nilitaka rangi zilizokuwa zikingoja huo mwanga.

Mume wangu alinijengea jukwaa la miti. Koti la kwanza la rangi likaharibika: plasta ilikuwa bado na unyevu, chumvi ikatoka nje kama ukoma, na minong'ono ikaanza mapema. Nikakwangua ukuta wote kwa msasa, tukasubiri ukauke, nikaanza upya. Chini nikaweka wekundu wa Matinyani. Juu yake rangi ya mchanga wa mto, halafu kijivu cha Kikima juu ya waridi, koti jembamba baada ya koti, na karibu na dari manjano hafifu kiasi kwamba ukikaribia huioni. Mzee mkali alikuja kila wiki kukagua.

"Na pale? Si hiyo ni kama pua?"

Nilishuka nikatazama. Kweli, kulikuwa na kitu kama pua. Nikapanda nikaifuta.

Jumapili ya kufungua kanisa mvua ilinyesha alfajiri, kisha mawingu yakafunguka. Watu waliingia, wakaketi, wakatazama ukuta, na niliona nyuso zikisema: kwani ndio huu tu? Nilikuwa nyuma. Pasta akaanza kuhubiri. Baada ya kitambo jua likapata madirisha, likapiga sakafu.

Wekundu ukaamka kwanza. Ulianza kuwaka chini, nyuma ya miguu ya pasta, halafu mwanga ukapanda kwenye mchanga, ukafika kwenye kijivu, na waridi iliyokuwa imejificha humo ikatoka. Pasta aliendelea kusema, lakini hakuna aliyekuwa anamtazama yeye. Aliona macho ya watu yanapanda juu ya kichwa chake. Akanyamaza katikati ya sentensi, akageuka.

Alisimama hivyo, mgongo kwetu, Biblia wazi mkononi, mpaka mwanga ukaifikia manjano ya juu.

Ndipo mama mkwe wangu, ambaye magoti yalikuwa yamemkataza kusimama ibadani, akajiinua kwa kushika benchi la mbele na kuanzisha wimbo wa sifa kwa Kikamba. Kanisa lote likainuka nyuma yake. Mume wangu alikuwa kando yangu. Alinishika mkono wenye rangi kwenye kucha, hakuuachia mpaka mwisho.

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Maharusi hutoka vijiji vya mbali kuja kupigwa picha mbele ya ukuta ule, na vijana huziweka kwenye simu zao. Mbao za chini ya kitanda zilitundikwa kwenye ukumbi mjini Kitui, na mama yangu, sasa mzee sana, akaja akiwa amevaa gauni jipya, akapokea pongezi za watu kana kwamba alizipaka yeye. Hospitali moja upande wa Makueni iliniita nikapake wodi ya akina mama wanaojifungua. Muuguzi aliniuliza kama ningeweka maua. Nikamwomba anipe wiki mbili kwanza niutazame mwanga wa wodi. Alipouona ukuta umekamilika, hakuuliza tena habari za maua.

Siku hizi napaka nyeupe. Nyeupe za aina nyingi: ya maziwa, ya majivu, ya bati likiwa na jua. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya na bado sijaiweza. Kila asubuhi nafungua mlango wa karakana yangu nikiwa na haraka kama msichana, kahawa naisahau inapoa dirishani, naanza.