Mwanangu Mwokoaji Amepata Pensheni, Lakini Maji Hayatazami

Mwanangu anaingia kwenye pensheni! Mtoto wa Kigogo, mzaliwa wa Bahi, mwokoaji wa baharini, na uzeeni atalipwa kila mwezi kama mwalimu mstaafu! Haya, nimeshasema, moyo umetulia. Sasa ndiyo niwasalimie: wakubwa zangu shikamooni, na nyie wengine hamjambo. Admin usiweke jina langu, hapa Chang'ombe ya Dodoma wananijua sana.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, mjane, elimu yangu darasa la saba. Nauza karanga na mlenda mkavu, na kwa mlenda mtaa mzima hakuna wa kunishinda. Marehemu mume wangu alilinda maghala ya watu mpaka mgongo ukapinda, wakamuaga kwa asante na tochi. Ndiyo maana hili neno pensheni kwangu ni neno kubwa.

Mwanangu nitamwita Daudi. Kuogelea alijifunza kwenye majaruba ya mpunga, miaka ile mbuga ikijaa maji. Alipopata kazi ya kuwalinda waogeleaji kwenye mji mmoja wa pwani, watu walinicheka. Jirani yangu, nimwite Mama Zuhura, akaniuliza, "Mgogo na bahari wapi na wapi?" Nikamwambia, "Hao wa pwani wanazama, wangu ndiye anayewatoa." Alininunia wiki nzima.

Zamani kazi ile ilikuwa ya msimu. Hoteli inakuchukua, wageni wakipungua inakuacha, na hakuna anayekuchangia popote. Sasa mji umekaa na wenye hoteli, waokoaji wote wataajiriwa pamoja na kuchangiwa mafao. Tena wameona kwamba bahari inamchakaza mtu masikio, macho na mgongo, basi wao watastaafu mapema kuliko wengine. Hata miaka yao ya nyuma itahesabiwa, ila kwa sharti moja: siku mpango unapoanza uwe kazini. Usipokuwepo, umejiondoa mwenyewe.

Na Daudi hayupo kazini, ndugu zangu. Yupo kwangu tangu Pasaka ilipopita.

Siku hiyo ya Pasaka ufukwe ulifurika watu. Alinisimulia mwenyewe tumekaa uani namenya karanga. "Mama, kazi yetu siyo kuogelea. Kazi yetu ni kuhesabu vichwa. Unahesabu, unapumzisha macho kidogo, unahesabu tena." Akahesabu, wakatimia. Akahesabu tena, wakatimia. Halafu akaja baba mmoja ameshika kandambili ndogo za pinki, anauliza, "Kaka, binti yangu umemwona?" Kumbe mtoto alikuwa amezama, na wakati huohuo mtu mwingine akaingia majini. Kichwa kimoja kimepotea, kingine kimekaa mahali pake. Daudi ndiye aliyemtoa yule mtoto. Alikuwa amechelewa.

"Hakuna aliyenilaumu, mama," akaniambia. "Walisema hesabu yangu ilikuwa sawa."

Tangu hapo nyumba yangu si ileile. Tukikaa kula anatuhesabu kimya, midomo inacheza. Akikuta tumetimia ndipo anapoogopa zaidi. Anainuka, anazunguka mkeka, anamgusa kila mtu kichwani na kumwita jina lake. Mjukuu wangu mdogo ameshazoea, anainamisha kichwa mwenyewe kabla hata ya kunawa. Kanisani nako watu wanafumba macho kuomba, yeye kakodoa yake kwenye kwaya.

Juzi mchana mjukuu huyo aliinama kwenye pipa kuchota maji. Daudi akatoka ndani mbio, akamnyakua, akapindua pipa, akafuata ndoo, madumu, mpaka birika la chai. Na mnajua Dodoma na mgao wa maji! Nikapiga kelele, "Daudi! Tutakunywa nini?" Wala hakunisikia. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anatazama pale maji yanapozama ardhini, kama anangoja mtu atokee. Mama Zuhura akachungulia, "Jamani, mwokoaji anaogopa ndoo?" Nilivyomjibu siandiki hapa, humu kuna watoto. Lakini jioni Mama Zuhura huyohuyo alileta madumu mawili yamejaa, akayaweka mlangoni kwangu, akaondoka.

Na mimi mwenyewe sasa imeniingia. Niko jikoni nawahesabu wajukuu wanaocheza uani, nikiona wametimia natoka kwenda kuwatazama sura, mmoja mmoja.

Kiongozi wa waokoaji kapiga simu. Mpango unaanza Jumatatu. Ni mtu mwema, akasema, "Mama, mlete tu akae kwenye kiti chake cha ufukweni siku hiyo, mengine tutaona." Nikamuuliza kama ugonjwa wa Daudi unahesabika. Akasema mtu akivunjika mguu kazini atatunzwa, sikio likiziba atatunzwa, ila hili la mwanangu hawakuliweka. Nikamweleza Daudi yote. Akanitazama, akasema, "Ukinituma, mama, nitakwenda. Ila kile kiti ni kirefu. Ukikaa juu unaona maji yote."

Hapo ndipo nilipokwama. Nikimtuma, pensheni ni yake, lakini ni watoto wa nani watakaoogelea chini ya macho yale, na mimi nitarudishiwa mwanangu au mtu mwingine kabisa? Nikimzuia, miaka yote ya jua na chumvi inakwenda bure. Na mdomo wangu nao ndio huu, nimeshatangaza kanisani, nimetangaza Bahi kwa shemeji zangu na Mvumi kwa dada yangu, kila mtu anamsubiri bwana pensheni.

Mnaojua mambo ya mafao, kuna mlango wowote kwa mtu aliyeumia mahali pasipoonekana? Na nyie kina mama wenzangu, mtoto akikwambia "ukinituma nitakwenda," unamjibu nini? Niambieni, hata kwa ukali, nitapokea. Ila niambieni mapema. Mbuzi yupo, mchungaji amekubali kuja kumwombea safari, na wote nimeshawaambia waje Jumamosi.