Mama Simama na Kwaheri ya Kitini

Saa mbili asubuhi, jua linaingia taratibu katika chumba cha vipimo na kutandika mwanga sakafuni kama shuka safi. Katikati kuna kiti kimoja kisicho na pa kuegemeza mikono.

"Bibi, kunja mikono kifuani," muuguzi anamwambia mzee aliyeketi. "Simama, kaa. Mara tano."

"Mikono nimezaliwa nayo, nisiitumie?"

"Leo ipumzike. Nataka miguu iseme yenyewe."

Bibi anainuka polepole, kama mtu anayetoka usingizini. Mara ya tatu kiganja kinaponyoka hadi pajani.

"Umeiba!" muuguzi anasema, na wote wawili wanacheka.

Wazee wanamwita muuguzi huyu Mama Simama. Kazi yake ni kupima misuli ya waliovuka miaka sitini: anawasimamisha, anawaminyisha kifaa cha kupima nguvu za mkono, anawazungushia utepe kwenye shavu la mguu.

"Misuli huisha kimyakimya," anasema. "Haiumi. Mtu anajua siku anapoanguka bafuni."

Kwa miaka kumi na mmoja amewagundua mama za watu wanaoishiwa misuli. Wa kwake hakumwona. Mganga hajigangi.

Kila Jumapili alimkuta mama yake ameketi dirishani, pazia likipepea, akaona raha kumtazama.

"Zamani alinisindikiza mpaka barabarani. Ikawa mpaka mlangoni. Mwishowe kwaheri ikawa ya kitini, nami nikadhani anastarehe."

Mwezi uliopita maziwa yalichemka yakafurika jikoni. Mama hakuinuka. "Nenda wewe, mwanangu," alisema, ameshika meza kwa mikono yote miwili.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ulipoanza kuja na haraka zako."

Alimpima palepale. Mama alisimama mara mbili tu. "Nikalia. Akanifokea: 'Unanipima au unanizika?'"

Sasa mama anakula mayai na maharage, na kila siku anafanya zoezi la kuinuka akishika meza. Daktari amesema nguvu zinaweza kurudi kidogo kidogo. Zisiporudi, itabidi aiache nyumba yake akaishi kwa bintiye. Hataki hata kulisikia hilo.

Mama Simama ameomba kituo chake cha afya kimruhusu kupima majumbani siku moja kwa wiki. "Wanaofika hapa ni wanaoweza kufika," anasema. "Huko nitabisha hodi na kusubiri. Hata mlango ukiwa wazi, siingii. Nataka mwenye nyumba aje mwenyewe."

Jumapili iliyopita alianzia kwa mama yake. Alibisha, akasimama nje kwa muda mrefu, akisikiliza. Meza ililia. Kisha kandambili zikaanza kuburuzwa.

"Usiingie," mama akasema kutoka ndani. "Nakuja."