Taa za Leodegar

Watu wanaojisikia nimewaona wengi, lakini Leodegar, fundi redio wa Ifakara, alikuwa wa peke yake. Hujaweka redio mezani, ameshaanza kukusema. Mimi alinisema mbele ya wateja, eti kwa nini redio yangu naifunika kwa kitambaa, tena kitambaa nilichokidarizi mwenyewe.

"Redio inapumua, mama! Wewe unaifunika kama maiti, joto litokee wapi? Nyie akina mama ndio mnaoua redio za mji huu."

Redio aliirudisha inaongea vizuri, ila ile taa yake ndogo nyekundu haikuwepo. Nilipouliza, akasema imeungua. Ya jirani yangu nayo "iliungua". Tulikuja kujua baadaye zilikuwa zinakwenda wapi.

Mwaka tisini na saba akamposa Domitila, binti wa kaka yangu Hermenegildi. Kaka hakumtaka. "Atamlisha nini mwanangu, nyaya?" Lakini Domitila, masikini, alikuwa anampenda. Basi kaka akasema kijana aje, aonwe kwa karibu, na neno la mwisho litakuwa la binti mwenyewe.

Akaja Jumapili mchana na mshenga wake, mzee Faustin. Mposaji hukaa kimya, mshenga ndiye msemaji. Huyu hata soda hazijafunguliwa, ameshasimama na betri ya gari na ubao ulioandikwa DOMITILA kwa taa ndogo nyekundu. Taa za redio zetu! Akafunga madirisha na joto lile la bondeni, akazungusha kinobu. Taa zikafifia, zikang'aa tena. Domitila akashika mdomo kwa furaha.

Hapo mahubiri yakaanza. Nyuma ya ubao kuna bati la kupozea, na kando yake kidude kinachopima joto. Joto likizidi, taa zinajipunguza zenyewe zisiungue. "Kazi hii fundi mwingine hapa haiwezi," akasema, kana kwamba yeye kashushwa kutoka mbinguni.

Kisha akaona nyaya za nyuma zinamharibia sifa. Kile kitambaa changu cha redio nilikuwa nimekuja nacho, nimekifunikia sinia la soda. "Shangazi, naomba kitambaa hicho nizifunike."

Kitambaa changu! Nikampa kwa mikono miwili. Nimkumbushe nini, mimi muuaji wa redio?

Haukupita muda taa zikaanza kufifia, kama alivyozitengeneza zifanye. Kaka akacheka. "Mbona jina la mwanangu linazimika?"

Kuondoa kitambaa tu kungetosha. Lakini bwana mkubwa aliona aibu. Akapenyeza mkono nyuma, Domitila anamwona, akakizima kile kidude kwa kipande cha waya, akazungusha kinobu mpaka mwisho. Ubao ukawaka kweli, kaka akapiga makofi. Makofi hayajaisha, moshi ukatoka, taa zote zikafa, na kitambaa changu kikatoboka.

Domitila alifungua dirisha. Alikuwa analia.

"Shikamoo mzee Faustin," akamwambia mshenga, kwa sababu katika fujo ile hakuna aliyekuwa amemsalimia. Ndipo akamgeukia Leodegar. "Kile kidude kilikwambia joto limezidi. Ulikitengeneza mwenyewe, na ukakinyamazisha ili upigiwe makofi. Siku nikikwambia mimi, nyumbani kwako, utanifanyaje?"

Leodegar, msemaji wa mji mzima, akarudia kinobu chake. Alibaki anakizungusha, kushoto, kulia, na hakuna kilichowaka.