Magoti ya Pimamaji

Saa mbili asubuhi, fundi vigae ambaye mtaa mzima unamwita Pimamaji, kama kile kifaa cha kupimia usawa, amepiga magoti kwenye bafu la nyumba mpya, sikio karibu na sakafu. Anagonga kigae kwa nyundo ya mpira. Anatabasamu. Anagonga cha pili, uso unakunjamana.

"Hiki kina hewa chini," anasema, na kukibandua bila huruma, ingawa alikibandika mwenyewe jana.

Kubandua si kazi. Kazi ni kuinuka. Anashika mlango, anamwita Mungu wake, na goti la kulia linaalika hadi sebuleni wanasikia. Sponji alizofunga magotini hazisaidii tena. Ana miaka hamsini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimalizia chini.

"Watu wananijua utosi tu," anatania. "Wakinikuta barabarani nimesimama, hawanitambui."

Miezi mitatu iliyopita mkewe, mpishi wa shule, alichoka kumsikia akigumia kila akipanda ngazi. Akampeleka kwa daktari wa mifupa, mama mmoja asiye na haraka.

Daktari aliwaeleza kwamba vidonge na sindano kwake vimefika mwisho. Goti likilika upande mmoja, huweza kubadilishwa upande huo tu. Likilika lote, huwekwa goti bandia kamili. Hilo la kamili angelitembelea vizuri, ila kazi ya kupiga magoti kutwa ndiyo aiage.

Hapo fundi wetu akaleta ujanja. Alipobonyezwa upande wa ndani, alipiga yowe. Alipobonyezwa upande wa nje, akauma meno na kucheka!

"Nilipiga hesabu za kifundi," anakiri. "Kigae kimoja kikipasuka, hubomoi sakafu nzima. Nikasema anibadilishie nusu, nirudi kazini."

"Alimdanganya daktari kama anavyowadanganya wateja kwamba kesho anamaliza," mkewe, aliyepita kumletea chai, anadakia kutoka mlangoni. "Picha ya eksirei ikamuumbua."

Picha ilionyesha gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limekwisha pande zote. Daktari hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Baba, wewe ungebandika kigae kizuri juu ya sakafu iliyobonyea?"

Njiani kurudi nyumbani alilia, wala haoni haya kulisema.

"Nilimuuliza mama watoto, nisipopiga magoti mimi ni nani?"

"Nikamwambia, wewe ni mume wangu," anasema mkewe. "Na ni babu wa mtoto aliyeanza kutembea juzi, na tayari anakushinda mbio."

Jumatano ijayo anafanyiwa upasuaji, goti kamili. Mafundi wenzake wamekubali kwamba akipona awe mkaguzi wao, na tayari ameshaifunga nyundo ya mpira kwenye mpini wa ufagio ili agonge akiwa wima. Wamemcheka mpaka machozi, lakini wawili wameomba awatengenezee na wao.

Bafu hili ni la mwisho kwake. Kigae kipya kimekaa sawa. Anajiinua taratibu, anaegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza leo anaitazama sakafu yote kwa pamoja.

"Miaka yote hii nimekuwa nikiona kigae kimoja kimoja, kisha nakimbilia kazi nyingine," anasema. "Nikipona, nitabisha hodi nyumba hadi nyumba. Nataka nizitembee sakafu zangu kwa miguu, kama watu wengine."