Vidole vya Leokadia

Nkatha aliletwa Maryland, Marekani, kutoka Meru akiwa msichana mdogo, mama yake akiwa tayari anatunza wazee majumbani. Jumamosi moja mama alimpeleka kwenye ukumbi wa chini wa kanisa huko Rockville, ambako Leokadia, Mtanzania aliyenyooka kama mwanzi, alikuwa akiwafundisha baleti watoto wa wahamiaji.

"Mwanao hatembei, anaelea," Leokadia alimwambia mama. "Niachie huyu."

Akaachiwa. Nkatha akakua akicheza, na kundi la Leokadia lilipoanza kualikwa kwenye kumbi kubwa, yeye ndiye aliyesimama mbele. Hata hivyo, asubuhi alivaa sare na kwenda kutunza wagonjwa kama mama yake, jioni akavaa viatu vya baleti.

Kila kazi ilimpa mazoea yake. Kwa Leokadia alijifunza kwamba mchezaji aliyechoka huketi na kuipitia dansi yote kwa mikono: vidole viwili ni miguu, kiganja kikigeuka ni mzunguko. Kwa wagonjwa alijifunza kwamba anayekaribia kukata roho huanza kupapasa shuka, na mtunzaji mwema humshika mikono polepole mpaka itulie.

Mazoea yana taabu. Leokadia aliugua akiwa anatunga "Mvua ya Kagera", dansi ambayo mwisho wake ulikuwa haujapatikana. Nkatha aliomba amtunze mwenyewe. Alasiri moja, sauti ya mwalimu ikiwa imekwisha kupotea, vidole vyake vikaanza kutembea juu ya shuka. Nkatha akaweka kikombe chini, akaishika ile mikono.

"Tulia, Mwalimu. Nipo hapa."

Leokadia alimkazia macho. Vidole vikapigapiga ndani ya viganja vya Nkatha kama ndege aliyenaswa, kisha vikanyamaza. Kesho yake mwalimu alifariki.

Ilikuwa kanisani, kwaya ikiimba mbele ya jeneza, Nkatha alipotazama chini na kuona vidole vyake mwenyewe vikicheza juu ya paja. Basi Mwalimu hakuwa akipapasa. Alikuwa akimpa mwisho wa dansi, naye akauziba kwa viganja vyake. Au alikuwa akipapasa tu, kama wanavyopapasa wote? Wa kumuuliza alikuwa mle ndani ya jeneza.

Kundi lilimfanya mkurugenzi wa sanaa. Aliacha kucheza, akahamishia mazoezi mjini Laurel karibu na kwake, akafundisha, akachagua wachezaji. Lakini viganja havikumwachia. Akishika usukani, vilikuwa vinapigwapigwa kwa ndani kama siku ile. Akiosha vyombo, vivyo hivyo.

Sasa onyesho la Fairfax lilikuwa Jumamosi, na watu walikuwa wameahidiwa dansi ya mwisho ya Leokadia ikiwa kamili. Nkatha alikuwa ameapa kutobandika mwisho wa kubuni kwenye jina la mwalimu wake. Bila mwisho, angeifuta.

"Mkurugenzi," alisema Fredy, mpiga piano, mazoezini, "kila tukifika hapa tunakwama kama lifti umeme ukikatika. Nimalizie na wimbo wa harusi?"

"Malizia kwa kufunga mdomo, Fredy."

Akinyi, msichana aliyepewa nafasi kuu, alikuwa amekaa sakafuni akipangusa jasho. Alizaliwa hukuhuku, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. "Anti, just tunga kitu. Hakuna mtu atajua."

"Yeye atajua."

Akinyi alitazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

Nkatha aliketi, akafumba macho, akaviacha vidole viipitie dansi tangu mwanzo juu ya magoti yake. Vilipofika mahali pa siku zote, havikusimama. Viliendelea, kwa hatua ambazo hakuzijua. Mikono ikaanza kumtetemeka. Akinyi, mtoto wa nesi, alifanya kile alichomwona mama yake akikifanya tangu utotoni: alipiga magoti, akaishika.

"Tulia, Anti. Niko hapa."

Nkatha alifumbua macho. Alitaka kusema, sauti ikagoma. Alimkazia tu yule binti macho, na mara akajua jinsi Leokadia alivyomwona siku ile: uso wa upendo mtupu, usioelewa kitu.

"Usiniachie," alinong'ona hatimaye. "Unasikia nini?"

"Anti, unanitisha."

"Viganjani, mwanangu. Unasikia nini?"

Akinyi aliikaza ile mikono. "Kuume inavuka. Inageuka. Halafu… ni kama imeruka, lakini haishuki."

"Nenda ukacheze hivyo."

Akinyi alisimama, akacheza alichokisikia. Fredy alimfuata kwa piano bila mzaha. Aliporuka mara ya mwisho, Nkatha, aliyekwisha kusogea kwenye swichi, alizima taa za ukumbi ghafla, na hakuna aliyemwona akitua.

Ndivyo ilivyochezwa Fairfax. Taa zilipozimwa watu wakasimama wote wakipiga makofi. Fredy alijifuta macho. Nkatha alikuwa pembeni, nyuma ya pazia. Hakupiga makofi. Alikuwa ameibana mikono yake pamoja kwa nguvu zake zote, akihesabu mapigo. Kuume kuvuka. Kugeuka. Kuruka. Akangoja vidole vitulie.

Dansi ilikuwa imekwisha. Vidole viliendelea.